Jengo likianguka na wewe ndiye injinia: la kufanya, saa hadi saa

Jumamosi ile mvua ilikatika alfajiri. Saiti yetu ilikuwa kwenye mteremko, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, nyumba ya ghorofa moja ya mtu binafsi, na siku hiyo tulikuwa tunamwaga slabu. Mimi nilikuwa Mwanjelwa nahangaikia vaibreta ya kukodi, mashine ya kutetemesha zege lijae vizuri, maana yetu iligoma. Saa 3 na ushei fundi mkuu akanipigia. "Injinia, shikamoo. Mirunda ya kona ya huku bondeni imetitia kidogo, udongo bado mbichi. Tumeongeza kabari. Tuendelee au tukusubiri?" Mirunda ni nguzo za muda zinazobeba mbao za kumwagia zege. Nyuma yake mikisa inanguruma. Nikamjibu: marahaba, endeleeni, nakuja.

Saa 5 kasoro kona ile ikashuka. Mita 4 kwa 5, unene milimita 150. Piga hesabu: zege mita ya ujazo moja ni kama kilo 2,500, kwa hiyo kila mita ya mraba ilikuwa na kilo 375, na kona nzima tani 7 na nusu za uji mzito wenye nondo ndani. Kibarua mmoja alivunjika paja, mwingine mbavu. Hakuna aliyekufa, na sababu ni kwamba wenzao walikuwa wamekwenda kunywa chai. Hesabu zangu hazikuchangia chochote.

Mwongozo huu ni kwa injinia kijana aliyeko saiti hapa Nyanda za Juu Kusini, iwe Iringa, Njombe, Songwe au Mbeya. Chuoni tulifundishwa namna jengo linavyosimama. La kufanya likianguka sikumbuki tulifundishwa, na siku yangu ilipofika nilijikuta nimeshika simu nisijue nianze na nani.

Hatua ya 1: Likianza kulalamika, toa watu

Fomu, yaani mbao na mirunda inayoshikilia zege bichi, huwa haianguki kimya. Mirunda ya paina au mkaratusi hulia, na ukishausikia mlio ule mara moja hutausahau. Kabari huanza kudondoka zenyewe. Uzi uliovutwa chini ya mbao hulegea au hugusa. Ukiona kimojawapo wakati wa kumwaga, simamisha mikisa, shusha kila mtu aliye juu, na usimtume fundi chini akaongeze mrunda. Chini ndiko wanakofia. Huruma ya mifuko ya saruji itakayoharibika iweke pembeni. Zege lililoganda kwenye karai hupigwa nyundo likatupwa.

Kwenye jengo lililokwisha simama, jifunze kutofautisha ufa wa plasta na ufa wa jengo. Ufa mwembamba kama nywele ukutani, unaokwenda ovyo kama ramani, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Ufa wa mshazari karibu na mahali bimu inapokalia nguzo ni habari nyingine kabisa, na nguzo inayoanza kumenyeka pembeni, nondo zikitokeza kwa nje, ni habari ya kukimbia. Mlango uliokuwa unafunga vizuri wiki iliyopita na leo unakwama, uulize kwa nini kabla hujamwita seremala aurande.

Kwa ufa usio na uhakika nao, paka jipsamu kidogo kukatiza ufa, kiasi cha kiganja, andika tarehe juu yake. Kwenye ncha za ufa chora mstari wa penseli, tarehe pia. Jipsamu ikipasuka baada ya siku mbili, ufa unatembea. Gharama yake haifiki hata nauli ya bajaji.

Ukitoa watu, wapeleke mbali. Umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa jengo ndio kipimo ninachotumia, na kwenye mteremko usiwapange upande wa chini. Huku kwetu saiti nyingi ni mteremko.

Hatua ya 2: Limeanguka. Hesabu vichwa

Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Halafu ita majina. Hapa ndipo saiti zetu zinapoumbuka: vibarua wa siku hawako kwenye daftari, mmoja kaja badala ya mdogo wake, mama lishe alikuwa ndani au hakuwa, hakuna anayejua. Kama huna orodha ya asubuhi, mwite msimamizi wa vibarua na mama lishe mkae pamoja mkumbushane. Mama lishe anajua waliokunywa chai na waliokopa.

Zima umeme na mashine zote. Kisha amuru kimya, dakika nzima, watu wasikilize. Kelele za watu wenye nia njema huzima sauti ya aliye chini. Baada ya kimya, mtu mmoja apige kelele au agonge bomba, wote wasikilize tena.

Usiruhusu eskaveta ipande juu ya kifusi wakati kuna uwezekano wa watu hai. Na aliyebanwa mguu au paja na uzito mkubwa kwa saa kadhaa usimnyanyulie zege lile kwa pupa kabla mtu wa afya hajafika. Damu iliyozuiwa ikirudi ghafla hubeba sumu kutoka kwenye misuli iliyopondwa, na mtu aliyekuwa anaongea nawe anaweza kufa mikononi mwako. Mpe maneno, msemeshe, mwambie jina lako.

Majeruhi akitolewa, apelekwe hospitali hapohapo. Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa majeruhi, itafuata. Mtume mtu mwingine kituo cha polisi wakati gari limeshaondoka.

Wapokee waokoaji na kitu kimoja mkononi: mchoro. Waonyeshe ngazi zilipokuwa, nguzo zipi bado zimesimama, mahali watu walipokuwa wanafanya kazi. Kariakoo, jengo lilipoporomoka Novemba 16, 2024 na kuua zaidi ya watu 20, uokoaji ulichukua siku kadhaa. Muda wote huo mtu anayejua umbo la jengo lilivyokuwa ana kazi ya kufanya pale, na mtu huyo ni wewe. Ndiyo maana usikimbie. Najua miguu itataka.

Hatua ya 3: Usisafishe

Watu wakishaokolewa, atatokea mtu wa kusema tuondoe uchafu huu, barabara imezibwa, majirani wanapiga picha. Mara nyingi ni mwenye nyumba, na mara nyingine ni mkandarasi mwenye haraka ya kipekee. Kataa. Kilichohamishwa kuokoa mtu kimehamishwa kihalali. Kilichobaki kibaki mpaka polisi na wakaguzi waseme.

Wewe piga picha. Ya mbali kutoka pande zote nne, halafu ya karibu, na kila picha ya karibu iwe na kipimo ndani yake, hata kipande cha nondo unachojua urefu wake. Vipande vikubwa vipe namba kwa rangi ya mafuta, na namba hiyo uiandike pia kwenye mchoro, mahali unapodhani kipande kilitoka.

Nondo zina mengi ya kusema. Iliyokatika ikiwa imenyongeka shingo, nyembamba pale ilipokatikia, ilivutwa mpaka ikachoka. Iliyochomoka nzima, safi, ikiacha tundu laini ndani ya zege, haikukatika kabisa: ilikosa pa kushikia, mwingiliano wake, yaani urefu unaopishana na nondo nyingine, ulikuwa mfupi au zege halikuishika. Pima urefu wa ule mwingiliano. Pima umbali kati ya ringi na ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo za nguzo. Angalia kama ncha za ringi zimekunjwa kuingia ndani ya nguzo au zimeachwa wazi tu. Tuko kwenye Bonde la Ufa, tetemeko la Rukwa la 1910 lilipita ukubwa wa 7, na nguzo yenye ringi zilizoachwa wazi hufunguka kama mzigo wa kuni uliokatika kamba.

Zege nalo livunje kwa mkono. Likimong'onyoka kwa vidole, okota kokoto uone kama zina udongo. Chukua mchanga uliobaki saitini, mwaga kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji: upande wa Uyole na Rungwe kuna mchanga mwepesi wa volkano, na chembe zake nyingine huelea. Mchanga huo una matumizi yake, ila hesabu yako ya zege haikuufikiria. Hifadhi mifuko mitupu ya saruji na tarehe zake, hifadhi vyubu, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, vilivyobaki kama vilitengenezwa. Nyundo ya Schmidt, kifaa cha kugonga zege, ukiwa nayo ni sawa, lakini inapima ugumu wa ngozi tu. Hukumu ya nguvu itatoka kwenye sampuli iliyotobolewa na kuvunjwa maabara.

Hatua ya 4: Andika usiku huohuo

Kabla hujalala, na kabla hujazungumza na mkandarasi au mwenye nyumba, kaa peke yako uandike. Saa ngapi nilifika, nani alinipigia, aliniambia nini, nilimjibu nini. Andika maneno, usiandike tafsiri. Pasipo uhakika andika sikumbuki. Weka tarehe na saa, weka sahihi, piga picha kurasa zote.

Mimi usiku ule nilifungua kitabu cha saiti nikakuta ukurasa wa Jumamosi una mstari mmoja: mifuko ya saruji iliyopokelewa. Simu ya saa 3 haikuwepo. Kwenye simu yenyewe kulikuwa na namba ya fundi na dakika moja na sekunde chache za maongezi, basi. Nilikaa nayo muda mrefu ile dakika moja.

Usirudi nyuma ukajaza kurasa zilizopita. Wino mpya kwenye tarehe ya zamani hujulikana, na kosa la uzembe hapo linageuka kuwa la kughushi.

Hatua ya 5: Toa taarifa kwa wanaohusika

Polisi wameshafika. Waliobaki ni OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Halmashauri iliyotoa kibali cha ujenzi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mwajiri wa vibarua atoe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hili la mwisho lisukume mwenyewe, kwa sababu kibarua wa siku hana wa kumsukumia.

Kuhusu wewe binafsi, jua unakosimama. Bodi ya Wahandisi inaweza kukufuta kwenye rejista chini ya sheria ya mwaka 1997. Mahakama ya madai inaweza kukudai fidia. Na mtu akifa, kuna kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu, kuua bila kukusudia, ambacho hakihitaji uwe umefanya kitendo. Kutotenda kwa uzembe kunatosha, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, kuna watu waliofikishwa mahakamani kwa kosa hilohilo.

Kwa hiyo tafuta wakili mapema. Kuwa na wakili hakumaanishi kuficha. Jibu unaloulizwa, sema unachojua, soma kila karatasi kabla ya kuisaini, na usibuni chanzo mbele ya kamera. "Ni mvua" ni jibu la haraka ambalo nimelisikia mara nyingi mno. Mvua ya Mbeya hunyesha karibu Novemba hadi Aprili kila mwaka, haimvizii mtu.

Hatua ya 6: Tafuta badiliko

Uchunguzi utakuwa na wataalamu wake, lakini na wewe utataka kujua, na ungependa ujue kabla hujarudia. Ushauri wangu ni huu: usianze na mahesabu. Tandika michoro mezani upande mmoja na picha za kifusi upande wa pili, utafute pale ambapo kilichojengwa na kilichochorwa vinaachana. Nguzo imesogezwa nusu mita ili gari lipate kuingia. Ghorofa imeongezwa. Nondo za milimita 16 hazikupatikana dukani, zikawekwa za 12, idadi ileile. Hilo la nondo naliona mara kwa mara, na masikioni halitishi, 16 na 12 ni majirani. Lakini eneo la chuma linatoka milimita za mraba 201 hadi 113 kwa kila nondo: umebaki na asilimia 56. Penye nondo nne za 16 unahitaji nane za 12, na lazima uangalie kama zege bado litapenya katikati yao.

Mfano ninaourudia kwa vijana ni wa Kansas City, Marekani. Julai 17, 1981, hoteli ya Hyatt Regency, watu wamejaa kwenye dansi, vivuko viwili vilivyoning'inizwa darini vikaanguka, cha ghorofa ya nne juu ya cha ghorofa ya pili. Walikufa 114 na kujeruhiwa zaidi ya 200. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fito ndefu za chuma kutoka darini kupita kivuko cha juu hadi cha chini, kila kivuko kikikalia nati zake. Watengenezaji wa chuma wakaona fito ndefu kiasi kile ni kero, wakazikata: fito moja kutoka darini hadi kivuko cha juu, nyingine kutoka kivuko cha juu hadi cha chini.

Ukitaka kuelewa, funga ndoo mbili za maji kwenye kamba moja, moja juu moja chini, kila ndoo na fundo lake. Sasa kata kamba chini ya ndoo ya juu, na ndoo ya chini uining'inize kwenye mkono wa ndoo ya juu. Dari inabeba uzito uleule. Fundo la ndoo ya juu, yaani nati ya kivuko cha juu, linabeba mara mbili. Hata muundo wa kwanza haukufikia matakwa ya kanuni za mji. Badiliko likamalizia kazi. Watengenezaji walisema walipiga simu kuomba ruhusa. Ofisi ya wahandisi ilikana kupokea ombi hilo. Lakini michoro ya karakana, yenye fito zilizokatwa, ilikuwa na muhuri wao, na hakuna aliyekuwa ameikokotoa upya ile nati. Bodi ya jimbo la Missouri ilikuta uzembe uliokithiri, na wahandisi wawili wakanyang'anywa leseni.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilikuwa chuoni, nikajibu swali la mtihani kuhusu nati. Baada ya Jumamosi ile nilikisoma tena na macho yakaenda kwenye simu.

Kwa hiyo badiliko lolote, kabla halijajengwa, lipitie mlango mmoja. Anayetaka kubadili aandike, hata kwa WhatsApp, na picha. Injinia akokotoe. Jibu liandikwe, liingie kwenye kitabu cha saiti, mkandarasi aweke sahihi. Mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999, mikataba ya kimataifa ya ujenzi, ina njia ya agizo la mdomo: mkandarasi analithibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na injinia asipolipinga kwa maandishi ndani ya siku mbili nyingine, limekuwa agizo lake. Nyumba ya mtu binafsi Iyunga au Kihesa haina FIDIC, na siku mbili ni nyingi wakati mikisa inazunguka. Lakini utaratibu ule unaweza kuubana uwe dakika kumi.

Hatua ya 7: Nenda kwa walioumia

Mwanasheria anaweza kukuambia usiende. Muulize namna ya kwenda. Nilimkuta yule wa paja mguu umevutwa kwa uzito, kaka yake kakaa pembeni. Kaka mtu ndiye aliyeuliza: "Nani aliwaambia waendelee?" Nikamwambia ni mimi. Alinyamaza, akaniuliza kama nimekula. Sikuwa na jibu la lile swali la pili.

Usiende na bahasha na karatasi ya kusaini kwa pamoja.

Hatua ya 8: Kabla ya kumwaga tena

Wakaguzi wakiruhusu kazi iendelee, anza chini. Mrunda usikanyage udongo, ukanyage ubao mpana, na ubao ukalie udongo ulioshindiliwa, penye mteremko uchongewe ngazi. Fungia mirunda mikingamo ya mshazari pande zote mbili. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kila mrunda unagongwa na kukaguliwa na injinia mwenyewe kabla ya karai la kwanza. Akiwa hayupo, hakuna kumwaga.

Kuvua fomu nako kuna hesabu yake huku kwetu. Zege hukomaa polepole kwenye baridi, na mafundi waliojifunzia kazi Dar es Salaam huja na siku zao za Dar es Salaam. Kiwango cha Uingereza cha BS 8110, ambacho wengi wetu tumekulia nacho ingawa kiliondolewa mwaka 2010, kiliruhusu mirunda ya slabu itoke baada ya siku 10 na ya bimu siku 14, zege likiwa nyuzi joto 16 na kuendelea. Chini ya hapo kilikuwa na kanuni: jumlisha 10 kwenye joto, kisha gawanya 250 kwa jibu hilo kwa slabu, au 360 kwa bimu. Zege likikaa kwenye nyuzi 7, kama usiku wa Juni na Julai unavyoweza kulifanya Mbeya au Makete, unapata siku 15 kwa slabu na 21 na ushei kwa bimu. Ning'iniza kipimajoto saitini, andika asubuhi na jioni.

Kona yetu tuliimwaga upya wiki ya tano. Saa 2 asubuhi fundi mkuu alinipigia akiwa hatua ishirini kutoka nilipokuwa nimesimama, kuniambia mrunda wa pili kutoka ukutani ubao wake umepasuka. Nikamwambia niandikie. Akacheka, akaandika, akapiga picha ule ubao, tukaenda kuubadilisha.